Lori la Jeshi na Kiinua Mgongo cha Baba

Juma hili nimepokea barua ya bibi mmoja wa Mbale, mke wa askari aliyestaafu karibuni. Mumewe amesikia kwamba huko Jinja kuna lori kuukuu la jeshi, aina ya Bedford, linalouzwa na mtu aliyelipata mnadani. Mzee amekusudia kulitolea kiinua mgongo chake chote, ili achukue kahawa kutoka Bududa na matofali mjini. Bibi auliza: "Vipuri vya gari hilo tutavipata wapi? Watoto wetu watatu wangali shuleni."

Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba mzee anunue, lakini kwa nusu ya fedha zake tu. Ikiwa bei yazidi nusu, aliache. Lori la namna hii hulipiwa mara mbili, kwanza kwa muuzaji na kisha kwa fundi, na malipo ya pili hayana siku ya kwisha.

Kabla ya kutazama injini, atazame karatasi. Mali ya serikali ya Uganda huuzwa kwa sheria ya mwaka 2003 ihusuyo ununuzi na uuzaji wa mali ya umma. Muuzaji hana budi kuonyesha hati za mnada, na namba za chasisi na injini zilingane na zilizoandikwa humo. Kadhalika, akitokea kijana wa kumnong'oneza, "Afande, kipuri hiki kimetoka stoo," ageuke aende zake. Aliyelinda ghala miaka mingi ajua mali ya ghala ni ya nani.

Sasa tuje kwenye vipuri. Malori ya Bedford hayatengenezwi tena. Kiwanda cha Dunstable, Uingereza, kiliuzwa mwaka 1987, na kampuni iliyokirithi ikafilisika mwaka 1992. Hata hivyo, karibu kila lori la jeshi la Bedford lina ndugu yake wa kiraia. RL, lililoanza kutengenezwa katika miaka ya 1950, ni ndugu wa lori la kiraia la aina ya S. MK, lililoshika nafasi yake katika miaka ya 1970, ni ndugu wa TK. Basi mtu akienda dukani akataja lori la jeshi, ataambiwa hakuna. Akiuliza pampu ya maji ya TK, huenda mzee mwenye duka akapanda ngazi na kuishusha ikiwa na vumbi lake.

Vilivyo vya jeshi peke yake ni ekseli ya mbele yenye kuvuta, giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, na rimu. Hivyo ndivyo vya kukaguliwa kabla ya kulipa. Lori lipelekwe kwenye matope, litiwe gia ya mbele, fundi asikilize. Likilia kama mawe kwenye debe, mzee arudi Mbale na fedha zake.

Beringi na oil sili zisitafutwe kwa jina la gari. Zifutwe grisi, zisomwe namba. Beringi ya namba 6205 ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje milimita 52 na unene milimita 15, iwe imetoka Sweden, Japan au India. Safari ya Kampala, au hata ya kuvuka Malaba hadi Kirinyaga Road mjini Nairobi, yaweza kuepukwa kwa kitambaa kimoja na petroli kidogo.

Wazee wa Jinja wanakumbuka miaka iliyofuata 1972, wenye maduka wengi walipofukuzwa nchini na vipuri vikaadimika. Gari lililokufa halikutupwa, likawa ghala la magari mengine. Nashauri hivyo hata leo: wastaafu wawili au watatu wenye malori ya aina moja wanunue maiti moja kwa shirika. Mafundi wakerezaji wa Jinja nao hutengeneza bushi na pini nzuri. Lakini kipande cha usukani au cha breki kilichovunjika kisiungwe kwa moto hata fundi aape. Mteremko wa Bududa siku ya mvua haujali kiapo.

Breki zenyewe ndizo zinazonitia hofu zaidi. Lori la jeshi aghalabu halikuchoshwa na safari. Limechoshwa na kusimama. Limekaa uani miaka, mpira umekauka, silinda za breki zimeshika kutu. Hosi zote za breki na raba za silinda zibadilishwe kabla ya mzigo wa kwanza, na tangi la mafuta lifunguliwe lioshwe.

Malori mengi ya jeshi hutumia umeme wa volti 24, yaani betri mbili zilizofuatanishwa. Mimi mwenyewe niliwahi kutia balbu za volti 12 usiku njiani. Ziliwaka vizuri mno, kwa muda wa kukohoa mara moja.

Rimu nyingine za jeshi ni vipande viwili vilivyokazwa kwa nati. Nati hizo zisiguswe kabla tairi halijatolewa upepo wote, kwani rimu ikifyatuka huua. Watoto wakae mbali fundi akijaza upepo.

Katika lami ya Tirinyi gia ya mbele itolewe. Ni ya matope; kwenye lami kavu magurudumu hushindana na meno ya gia hukatika.

Mwisho, bibi, daftari la lori lishike wewe: tarehe ya oili, ya grisi, na namba ya kila kipuri kilichonunuliwa. Barua yako haikusema kama ni RL au MK. Kama ni RL lenye injini yake ya petroli ya silinda sita, hesabuni mafuta ya safari moja ya Bududa kwanza, kwani huenda kahawa yote ikanywewa na karbureta. Mwambie mzee asome kibao cha chasisi, nawe utuandikie tena kabla hajalipa.