Mtajeni Aliyetunga!

Mswahili mwenzangu wa Doha, hebu nijibu: Naushad ni nani?

Kimya. Nilijua.

Lakini sauti zake unazijua! Bibi yako alitoka nazo sinema, Naaz pale Mombasa au Majestic pale Unguja, macho yamemvimba kwa kulilia filamu ya Mother India, akawa anazivumisha jikoni wiki nzima. Nasi leo, Ijumaa tukijazana chumbani mtaani Najma, tunazifungulia kwenye simu na kuimba mpaka jirani anagonga ukuta. Aliyezitunga? Hatumjui. Wala hatuulizi!

Basi sikiliza. Naushad Ali alizaliwa Lucknow mwaka 1919. Baba yake alimwambia achague: muziki au nyumba. Akachagua muziki, akaenda Bombay, akalala kando ya barabara mtaani Dadar. Mwaka 1944 filamu ya Rattan ikamtoa, nyimbo zake zikaimbwa kila kona.

Kisha akaozwa. Muziki ulikuwa aibu, kwa hiyo wakwe wakaambiwa kijana ni fundi cherehani. Siku ya harusi bendi ikaja na kupiga nini? Nyimbo za Rattan! Watu wanafurahia, na bwana harusi aliyezitunga amekaa kimya, hathubutu kusema ni zake. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe.

Jamaa zake walimficha kwa kuogopa aibu. Sisi tunamficha kwa sababu gani? Uvivu. Uvivu mtupu!

Huyu ndiye aliyepanga waimbaji mia moja nyuma ya mwimbaji Mohammed Rafi katika filamu ya Mughal-e-Azam, 1960. Mwaka 1981 India ikampa tuzo ya Dadasaheb Phalke, heshima yake kubwa kuliko zote katika filamu. Hebu muulize Mhindi mtu mzima unayefanya naye kazi hapa Doha habari za wimbo wa zamani. Atakutajia aliyeimba, aliyeandika maneno, na aliyetunga muziki. Wote watatu!

Sasa tugeukie kwetu, na hapa ndipo panaponiuma. Mwimbaji wetu wa taarab, Juma Bhalo, alizichukua sauti za filamu za Kihindi akazivika Kiswahili, na mashairi mengi aliyoyaimba yalitungwa na Ahmad Nassir. Simlaumu kwa kuazima. Aliazima kwa ustadi, na Mombasa ikampenda kwa haki. Lakini wewe unayezicheza nyimbo hizo harusini, umewahi kumtaja Mhindi aliyetunga sauti? Umewahi kumtaja hata Ahmad Nassir, mshairi wako mwenyewe? Bhalo alifariki 2014. Zein l'Abdin wa Lamu, aliyeikataa mikopo hiyo na kushikilia udi na mahadhi ya pwani, akafuata 2016. Wote tumewatia kapu moja: "nyimbo za zamani".

Halafu tunalia kwamba tunaibiwa! Jambo Bwana ya kundi la Them Mushrooms la Kenya, iliyotungwa na Teddy Kalanda, imezunguka dunia nzima. Boney M wakaiimba, na wageni wakadhani haina mwenyewe. Wimbo wa Malaika nao, umiliki wake umegombaniwa mpaka wagombanaji wakaingia kaburini, na ugomvi ungalipo. Tunapiga kelele: wezi! Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nani atamtaja mtunzi wako, ilhali wewe mwenyewe humtaji?

Amka, ndugu yangu! Usiniambie umechoka na zamu. Sote tunatoka zamu. Kumtaja mtu hakuhitaji likizo.

Ijumaa ijayo, kabla hujaubonyeza wimbo, taja: sauti ya nani, maneno ya nani, mwimbaji nani. Hujui? Mpigie mzee wako Mombasa, Lamu au Unguja, yule aliyekuwa akipiga fidla au ngoma nyuma ya akina Bhalo. Yeye anajua sauti ipi ilitoka filamu gani. Mrekodi kwa simu hiyo hiyo, na umpigie leo, maana kila mwaka tunawazika.