Wacheni Kuniuliza Mbona Upanga wa Mjerumani

Wiki jana niliweka video ya sekunde arobaini. Mimi na beste yangu tuko kwa kiwanja kando ya shamba la miwa, kila mtu na fimbo yake ya mkaratusi, tunarudia pigo moja polepole, tena na tena. Sikuongea. Niliandika tu: Zornhau, siku ya 61.

Kufikia jioni nilikuwa nimeitwa Mzungu wa Ndhiwa, Mjerumani feki, na msee amekosa kazi. Hizo nilicheka. Lakini kuna mmoja aliandika, "Mbona usifanye vitu vya babu zako?" na hiyo ikapata likes kuliko video yenyewe. Sasa leo tuongee, kwa sababu naona mnaogopa kitu ambacho si cha kuogopa, halafu kile cha kuogopa mnakipita mkisalimia.

Kwanza kwa wale hawajui. Wajerumani wa karne ya 14 na 15 walikuwa na upanga mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili. Urefu kama mita moja na robo, uzito kilo moja na nusu hivi, yaani ni mwepesi kuliko ile pakiti ya unga ya kilo mbili mathe hukutuma dukani. Sahau zile filamu ambapo mtu anainua upanga ni kama anainua plau. Mwalimu wanayemtaja sana anaitwa Johannes Liechtenauer. Jamaa alifunga mafundisho yake kwa mashairi ya mafumbo, makusudi, ndiyo asiyefundishwa asielewe. Waliokuja nyuma yake ndio wakaandika maelezo. Sigmund Ringeck alieleza mistari moja moja. Kuna mswada wa 1452 ambao sai uko Roma. Hans Talhoffer ana kitabu cha 1467 kimejaa picha za watu wakipigana, zingine ukiziona usiku hulali. Joachim Meyer alichapisha chake Strasbourg mwaka wa 1570.

Halafu hiyo sanaa ikafa. Sikieni hapo vizuri. Bunduki zikaja, mitindo ikabadilika, walimu wakazeeka, wanafunzi wakaisha. Kwa miaka mingi sana hakukuwa na Mjerumani yeyote hai aliyefundishwa upanga mrefu na mtu aliyefundishwa na mtu aliyefundishwa na Liechtenauer. Mstari ulikatika kabisa. Kile watu wanafanya leo kilifufuliwa majuzi tu, miaka ya mwisho ya karne ya 20, na watu waliofungua ile miswada, wakashika fimbo, wakaanza kubahatisha. Walikosea. Wakabishana. Bado wanabishana mpaka leo kuhusu sentensi moja ya Ringeck.

Kwa hivyo yule jamaa wa Munich anayefanya Zornhau leo hakuipata kwa damu. Babu yake pengine alikuwa muuza mkate. Aliipata kwa karatasi, venye mimi nimeipata. Miswada imepigwa picha, imetafsiriwa, iko bure kwa mtandao wa Wiktenauer. Mimi nilianza na bando ya shilingi ishirini na simu yenye kioo kimepasuka. Sasa niambieni, huyo jamaa ana haki gani ya hiyo kitu ambayo mimi sina?

Wacha niwaeleze pia kile nafanya, kwa sababu wengi mnadhani ni sinema. Zornhau maana yake ni pigo la hasira. Linatoka bega la kulia, linashuka mshazari, ndilo pigo ambalo mtu yeyote akikasirika angelipiga bila kufundishwa. Mpe mtoto fimbo, atalipiga. Kazi yote iko baada ya hapo. Fimbo zikigongana na kushikana, unatakiwa uhisi mkono wa mwenzako kupitia kwa mti. Amekaza ama amelegea? Anasukuma ama anatoroka? Wao hiyo wanaiita Fühlen, kuhisi. Akiwa amelegea, ncha yako inaenda moja kwa moja usoni. Akiwa amekaza, hushindani naye, unazunguka juu unaingia upande wa pili. Na uamuzi huo unafanyika hapo hapo, kabla hujapata nafasi ya kuufikiria.

Mimi nimekata miwa tangu kidato cha pili, kila likizo. Panga naijua. Lakini muwa haukujibu. Unainama, unakata chini, unakata juu, unarusha, unaenda kwa mwingine. Ukishika fimbo mbele ya mtu ndio unajua ulikuwa hujui chochote kuhusu mkono wako mwenyewe. Wiki ya kwanza nilikuwa nakaza mabega mpaka yanauma, beste yangu ananigonga vidole tu vile anataka. Hatuna barakoa za fencing, Ndhiwa hazipo na hata Kisumu sijaona duka la kuziuza, kwa hivyo hatupigani kwa kasi. Tunaenda polepole na ncha inasimama kabla ya uso. Helmeti ya bodaboda tulijaribu, inaacha koo wazi, tukaachana nayo. Msiige ujinga.

Sasa turudi kwa vitu vya babu zangu.

Mimi ni Mjaluo wa Ndhiwa. Upanga kwetu una jina, ligangla, hata kwa Biblia ya Dholuo liko. Mkuki ni tong. Ngao ni kuot. Rungu ni arungu. Kwa hivyo msinidanganye ati silaha ni story ya wazungu. Gor Mahia mwenyewe, yule mganga ambaye klabu ya 1968 imebeba jina lake, alikuwa mtu wa huku kwetu. Mnapiga kelele za jina lake kila wikendi mkiwa na jezi ya kijani. Haya. Nani kati yenu anaweza kunionyesha vile askari wa wakati wake alishika kuot? Mguu gani mbele? Ngao inakaa karibu na mwili ama inanyooshwa? Mkuki unarushwa ama unabaki mkononi, na ukibaki, unashikwa wapi? Mtu mmoja tu aniambie. Nimeuliza hilo swali chini ya ile comment, imekaa siku sita bila jibu, na likes zinaendelea kuongezeka.

Nendeni Thimlich Ohinga, hapo Migori, si mbali. UNESCO waliiorodhesha 2018. Kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, zingine zinapita mara mbili ya urefu wangu, na milango imefanywa midogo ndiyo mtu asiingie wima. Wataalamu wanasema zinarudi karibu karne ya 16. Karne moja na Meyer! Wakati Mjerumani anachapisha kitabu chake cha mapigo, hapa kwetu kulikuwa na watu walioketi chini wakafikiria sana jinsi ya kupigana mlangoni. Hiyo ni akili ya vita, imesimama pale kwa mawe. Lakini mapigo yenyewe hayakuandikwa, na waliokuwa wakiyajua walizikwa nayo.

Kilichobaki ni tero buru. Wengi wenu mmeiona, mzee akifa, wanaume wanatoka na ng'ombe, mikuki na ngao, wanakimbia kufukuza kifo, wanachoma hewa. Siku hizi mnashika simu mnarekodi ng'ombe na vumbi, mnaweka wimbo juu. Hakuna anayerekodi miguu ya yule mzee wa mbele. Na zingine sai ni matawi tu na honi za pikipiki.

Na vifaa je? Kuna mradi ulifanywa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya pamoja na makumbusho za Cologne na Frankfurt, wakatafuta vitu vya Kenya vilivyo nje. Walihesabu zaidi ya 32,000. Elfu thelathini na mbili, wasee. Maonyesho yalifika Nairobi 2021. Ujerumani ni moja ya nchi zilizo navyo. Kwa hivyo kitabu cha babu yao kiko kwa simu yangu bure, na vitu vya babu yangu viko kwa kabati zao. Kama unataka kukasirika, hapo ndio pa kukasirikia. Mimi nikiwa kiwanjani na fimbo sijaiba chochote cha mtu, wala sijapoteza chochote chenye ulikuwa umehifadhi.

Kuna kitu kingine, na hii ndiyo ilifanya niandike kwa hasira kidogo.

Mwezi uliopita tuliitwa. Sitataja ni nani alituita. Tuliambiwa kuna ripoti ya vijana wanaofanya "mazoezi ya kihalifu" na fimbo. Tukaeleza. Tukaonyesha picha za Talhoffer, hiyo ikaharibu zaidi. Tukaonywa, tukaandikwa majina, fimbo mbili zikabaki kwao. Nilitengeneza hizo fimbo kwa siku tatu, nikazipaka mafuta.

Sasa mimi nauliza. Kampeni zikikuja huku, kila mtu anajua venye vijana hukusanywa. Gari linakuja, mtu anashuka na pesa, rungu zinatoka kwa buti zikiwa mpya, mia tano kwa kichwa. Rika langu wamewahi kwenda. Wengine walirudi na mia tano, mmoja alirudi na jicho moja. Hizo rungu nani huitwa kuzieleza? Juni 17, 2025 Nairobi tuliona wote, wanaume juu ya pikipiki, rungu na viboko mkononi, wakichapa waandamanaji mchana kweupe. Na 2027 hiyo inakuja.

Yule wa rungu ya mia tano hajafundishwa kitu. Hajui uzito wa mkono wake. Hajawahi kugongwa vidole na rafiki yake akasema pole, turudie. Mimi kwa siku 61 nimejifunza kusimamisha ncha sentimita chache kabla ya jicho la mtu ninayempenda. Halafu mimi ndiye mhalifu.

Si ati nimevumbua hii fikra. Nairobi, mitaa ya Huruma na Mathare, kuna klabu inaitwa Tsavora Fencing Mtaani, Mburu Wanyoike aliianzisha ndiyo vijana wawe na kitu kingine cha kushika mbali na uhalifu. Ile ni fencing ya Olimpiki, si upanga mrefu, lakini ni watoto wa mtaa na chuma mkononi na hakuna dunia imeanguka. Na Alexandra Ndolo mnamjua? Baba Mkenya, mama Mpolandi, amezaliwa Ujerumani. Alichukua fedha ya ubingwa wa dunia Cairo 2022 akiwa na bendera ya Ujerumani, kisha akaamua kushindania Kenya, na Paris 2024 akawa Mkenya wa kwanza wa fencing kwa Olimpiki. Alitoka raundi ya kwanza, sawa. Siku hiyo sikuona mtu akimwandikia ati arudi kwa vitu vya babu zake. Mlikuwa mnaweka bendera.

Nikubali kitu kimoja sasa, kwa sababu niliahidi kuwa mkweli kwa hii page. Ile comment iliniuma kwa sababu ilikuwa na ukweli ndani. Aliyeiandika hajui kitu, lakini swali lake ni zuri. Nilimaliza siku 61 nikijua jina la kila pigo la mtu aliyekufa Ujerumani, na sijawahi kumuuliza babu yangu swali moja.

Kwa hivyo Jumapili nilienda. Babu ana miaka themanini na kitu, magoti yameisha, anakaa chini ya mwembe. Nikamwamkua, nikakaa chini, nikamwambia, "Kwara, nionyeshe venye kuot ilikuwa inashikwa." Alicheka sana. Akaniuliza kama nimegombana na mtu. Nikamwambia hapana, nataka tu kujua. Akasema yeye hajawahi kupigana nayo, lakini baba yake alikuwa nayo, na akiwa mtoto aliona wazee wakicheza nayo kwa tero buru, wakati bado inachezwa sawasawa.

Nikampa sinia la kupepetea mahindi lishike nafasi ya ngao. Akalishika kwa mkono wa kushoto, akaliinamisha mbele, ukingo wa juu nje, wa chini karibu na goti. Halafu akafanya kitu sikutarajia. Hakulitumia kujifunika. Alilisukuma kwa fimbo yangu, akalikandamiza pale, akanyamaza, ni kama anasikiliza. Kisha mkono wa kulia ukapita chini.

Nilikuwa nimesoma hiyo kitu kwa Kijerumani miezi miwili.

Nina video ya dakika nne. Ya tano alichoka, akasema sinia ni la dani lirudishwe jikoni kabla hajaanza kulitafuta. Anasema kuna mzee mwingine upande wa Kabuoch anayekumbuka zaidi, ila ameanza kusahau majina ya watoto wake, kwa hivyo tusichelewe. Tunaenda Jumamosi. Nimeambiwa nibebe sukari kilo mbili na nivae suruali ndefu.