Mutoto Huyu, Mwalimu Wake ni Nani?



Mara nyingi wazazi wanatuuliza: "Pasta, mutoto wangu anataka kuvaa kimono. Ile mambo ya karate na judo haitamufunza kupiga watu?" Swali ni zuri. Lakini kabla ya kuuliza juu ya mchezo, uliza kwanza juu ya mwalimu. Sikilizeni habari ya mtoto mmoja aliyekimbia vita hapa kwetu Kisangani.

Habari yenyewe inaanza mbali. Mwaka 1908 merikebu Kasato Maru ilifika bandari ya Santos, nchi ya Brazil, ikiwa na Wajapani 781. Walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya kahawa. Wengine wengi wakawafuata, na katika mizigo yao walileta judo. Judo si kupiga ngumi: unamshika mwenzako nguo na kumwangusha. Mwalimu Jigoro Kano aliianzisha Tokyo mwaka 1882, na maana ya jina lake ni njia ya upole. Mbele ya kushindana mnainamiana. Mkimaliza mnainamiana tena.

Kati ya wale waliofuata alikuwa Chiaki Ishii. Hakuchaguliwa katika timu ya Japani kwa Olimpiki ya 1964, basi akahamia Brazil akiwa na nia ya kulima. Brazil wakampa uraia, na mwaka 1972 kule Munich akawaletea medali yao ya kwanza ya Olimpiki katika judo, ya shaba. Halafu akafundisha wengine. Hata binti yake Vânia aliichezea Brazil kwenye Olimpiki. Mgeni alipokewa, na wenyeji wakapata faida.

Sasa turudi Boyoma. Popole Misenga alizaliwa Bukavu mwaka 1992. Alikuwa hajafika miaka kumi wakati mapigano ya Kisangani yalipomtenga na jamaa yake. Mama yake aliuawa. Mtoto akakaa porini siku nane, ndipo watu wakamwokota na kumpeleka Kinshasa, katika kituo cha watoto waliokimbia vita. Kule akafunzwa judo. Baadaye alieleza kwamba mtoto anahitaji jamaa ya kumwelekeza, naye hakuwa nayo. Judo ndiyo ilimpa utulivu na nidhamu.

Lakini alieleza pia jambo la kuhuzunisha: alipokuwa akishindwa mashindano, walimfungia ndani siku kadhaa na kumpunguzia chakula. Mchezo ni uleule, mkono wa mwalimu ndio tofauti.

Mwaka 1983? Hapana, siyo zamani namna hiyo: ni mwaka 2013 tu, Popole na dada yetu Yolande Mabika walikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, wakaomba kimbilio kule Brazil. Hawakujua Kireno. Wakajikuta kati ya wageni wengine Waafrika, wakitafuta kazi ya siku na mahali pa kulala.

Ndipo wakampata mwalimu Geraldo Bernardes, aliyekuwa ameongoza timu ya Brazil katika Olimpiki nne. Alikuwa akifundisha vijana wa mitaa maskini katika Instituto Reação, iliyoanzishwa na bingwa Flávio Canto. Bernardes alieleza kwamba mwanzoni wageni hawa wawili walipigana kwa ukali mno, maana kwao kushindwa kulikuwa adhabu. Hakuwafukuza. Aliwafunza polepole kwamba mwenzako wa mazoezi si adui. Umwangushe, lakini umlinde asiumie.

Tarehe 10 Agosti 2016 wote wawili walishindana Rio, katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, yenye wanamichezo kumi. Yolande alishindwa mara ya kwanza. Popole alimshinda Avtar Singh wa India, na watu wa Brazil wakaimba jina lake. Halafu akashindwa na Gwak Dong-han wa Korea ya Kusini, bingwa wa dunia. Mwaka 2021 alishiriki tena, kule Tokyo, mji ambamo judo ilizaliwa.

Mbele ya waandishi wa habari Popole alilia. Alisema ana ndugu wawili ambao walitengana wangali wadogo, na hajui tena sura zao zikoje.

Wazazi, machimboni karibu kila mtu ametoka pengine. Kuna watoto wanaopita na mfuko mgongoni, wakisafisha mchanga, na hakuna anayejua ni wa nani. Ibrahimu alipoona wageni aliinuka haraka kwenda kuwapokea. Siye tunangoja nini?

Na wewe kijana unayefunza wenzako, iwe judo, mpira ao kwaya: yule anayeshindwa leo, unamfanyia nini?

Zungumzeni hayo nyumbani, baada ya chakula cha jioni. Na kama mtoto wenu anataka kimono, mzazi uende mwenyewe uketi pembeni siku moja. Usitazame sana yule anayeangusha wenzake. Tazama mwalimu anavyomwinua yule aliyeanguka.

Tuonane mwezi ujao.