Kamera ya Mtumba Inatutosha, Makamanda

Kwenye kikao cha tawi wiki iliyopita tulibishana karibu saa nzima kuhusu kamera. Tumechanga laki nne na nusu ili vijana wa kata tuwe na chaneli yetu ya video. Kundi moja linataka tusubiri, tuongeze hela, tununue kamera mpya ya picha, ile yenye lenzi ya kubadilisha. Kundi jingine linasema simu zinatosha. Mimi nilisema, na narudia hapa: tununue kamkoda ya mtumba, tena mwezi huu huu.

Haraka ya nini? Kumbukeni ule mkutano wa sokoni. Mama muuza samaki alimuuliza diwani kuhusu ushuru wa meza, diwani akajibu mbele ya watu kwamba waliotozwa mara mbili watarudishiwa. Miezi miwili baadaye anakana. Video ipo, nilirekodi mwenyewe kwa simu. Mdomo wa diwani unaonekana unacheza, lakini kinachosikika ni upepo na jenereta. Halafu dada yangu akanipigia, rekodi ikakatika. Yule mama kila akiniona ananiuliza, "Mwanangu, ile video vipi?" Sina jibu.

Simu ina tatizo jingine ambalo hatupendi kulisema. Ikishikiliwa kituoni, haijashikwa video peke yake. Zimeshikwa namba zetu, magrupu yetu, kila kitu. Kamkoda ikishikwa, imeshikwa kamkoda.

Na ile kamera kubwa? Picha zake nzuri, sikatai. Ila nyingi za aina hiyo, hasa za zamani tunazozimudu, hujizima zikifika dakika 29 na sekunde 59. Mkutano wetu ni saa mbili. Kamkoda inarekodi mpaka kadi ijae au betri iishe.

Sasa, tukienda Kariakoo tusinunue kwa macho. Cha kwanza ni tundu la maiki, lile dogo la milimita 3.5. Kama halipo, tuondoke hata kama bei ni chee. Picha yenye ukungu mtu ataivumilia, sauti isiyosikika hakuna anayeivumilia. Likiwepo tundu la hedifoni pia, afadhali zaidi, maana tutajua palepale kama sauti inaingia.

Pili, iwe inatumia kadi ya SD. Za kanda za MiniDV zinauzwa bei ya kutupa, lakini kuhamishia video kwenye kompyuta kunahitaji waya wa FireWire, na laptop zetu hazina tundu hilo. Tatu, tusidanganywe na zumu. Maandishi makubwa ubavuni mara nyingi ni zumu ya dijitali, ambayo inakuza picha huku ikiiharibu. Tuulize zumu ya lenzi yenyewe. Nne, tumulike lenzi kwa tochi, maana unyevu wa Dar unaotesha kuvu ndani. Tano, tuiwashe chini ya taa ya tyubu. Zilizotoka Marekani zimetengenezwa kwa umeme wa hezi 60, wetu ni hezi 50, kwa hiyo picha inaweza kupepesa. Sita, betri. Ya mtumba imechoka, tutenge hela ya nyingine.

Saba ni ya kisheria, nivumilieni kidogo. Tudai risiti yenye namba ya mashine. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na sisi ndio wa mwisho wa kuwapa watu sababu kama hiyo. Halafu turekebishe tarehe na saa ya kamera kabla ya kila mkutano, na kadi ya tukio zito isifutwe, ihifadhiwe. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini uzito wake unapimwa kwa jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa. Video iliyozunguka kwenye magrupu kumi haina mwenyewe.

Najua kuna suala la leseni ya TCRA. Tulijadili kikao kijacho. Kurekodi ni jambo moja, kurusha ni jingine, na la kwanza haliwezi kusubiri.

Mwaka 2016 TBC ilipoacha kuonyesha Bunge moja kwa moja, nilikuwa bado mwanafunzi mdogo, lakini kelele za wakubwa zetu nazikumbuka, na walikuwa sahihi. Sasa mikutano ya mtaa wetu nani kaizuia isirekodiwe? Hakuna. Ni uzembe wetu.

Napendekeza laki tatu ziende kwenye kamkoda, zinazobaki tununue maiki, betri na kadi mbili. Jumamosi naenda Kariakoo. Nani ananisindikiza?