Nyumba ya Mkate



Jumapili iliyopita, baada ya Misa, mwanafunzi mmoja alinijia na kalenda ya zamani iliyotoka Ulaya. Ndani yake palikuwa na picha ya nyumba ndogo, paa lake jeupe, madirisha mekundu, na watoto wameizunguka pamoja na wazazi wao, mikono yao imejaa sukari. Akaniuliza: "Mwalimu, ni kweli kwamba wenzetu hujenga nyumba ya mkate wakati wa Noeli, kisha huivunja na kuila? Mbona basi waijenge?" Nilimjibu kwamba ni kweli. Swali la pili nilimwahidi kulijibu katika ukurasa huu, kwa sababu lawahusu wazazi wake kuliko yeye.

Mkate huo ni mkate wa tangawizi. Mjini Nürnberg, katika Ujerumani, huokwa tangu karne nyingi. Misitu iliyouzunguka mji ilikuwa na nyuki wengi, hivyo asali haikukosekana. Na wafanyabiashara wake walileta viungo kwa njia ya Venezia: tangawizi, karafuu, mdalasini, iliki. Mwaka 1643 mafundi wa mkate huo walipata chama chao wenyewe, mbali na waokaji wengine. Hapo twaweza kutabasamu kidogo, kwa maana harufu ya Noeli ya Wajerumani ni harufu ya nchi za joto.

Lakini mkate si nyumba. Habari ya nyumba ilienezwa na hadithi. Mwaka 1812 ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, walichapisha kitabu cha hadithi za Wajerumani, na mojawapo ni ile ya Hänsel na dada yake Gretel. Njaa iliingia nchini. Baba yao, mkata kuni, hakuwa na chakula cha kuwapa. Mama akamshawishi wawapeleke watoto mwituni na kuwaacha huko. Baada ya kutangatanga, watoto waliona nyumba ya mkate, paa lake la keki, madirisha yake ya sukari. Wakaanza kuimega. Kumbe ndani yake alikaa mwanamke mchawi, aliyeijenga makusudi ili awanase watoto na kuwala. Mwaka 1893, siku mbili kabla ya Noeli, hadithi hiyo ilichezwa kwa nyimbo mara ya kwanza mjini Weimar, kwa muziki wa Engelbert Humperdinck, na mpaka leo huchezwa Ulaya mwezi wa Desemba.

Nawaomba wazazi waisome hadithi hiyo polepole. Mchawi anatisha, lakini ubaya haukuanza kwake. Ulianza nyumbani, usiku, wazazi waliposhauriana na watoto wakasikia. Mtoto aliyekosa mahali katika nyumba ya baba yake huona tamu nyumba yoyote ile itakayomfungulia mlango. Miji yetu inazo nyumba za namna hiyo, wala si za mkate.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Siku hizi, majuma ya Majilio yakifika, katika Ujerumani, Marekani na nchi nyingine, shule, parokia na waokaji huwaita watoto wajifunze kuipamba nyumba ile ile ya hadithi. Lakini mara nyingi mtoto mdogo haitwi peke yake. Huitwa pamoja na mzazi.

Kazi yenyewe haipendi haraka. Unga wa ngano hukandwa pamoja na asali au sukari iliyoyeyushwa, siagi na viungo, halafu donge huachwa lipumzike. Kisha hutandazwa na kukatwa kwa kufuata vipande vya karatasi: kuta nne, na mabamba mawili ya paa. Vikisha kuokwa huachwa vipoe mpaka viwe vigumu, afadhali hata kesho yake, maana ukuta laini hupinda. Katika matundu ya madirisha hutiwa peremende zilizopondwa. Joto la tanuri huziyeyusha, nazo zikipoa hung'aa kama vioo vya rangi vya kanisa. Saruji ya nyumba ni ute wa yai uliopigwa pamoja na sukari laini sana mpaka usimame. Hutiwa katika karatasi iliyokunjwa kama pembe, ncha yake hukatwa kidogo, na saruji hukamuliwa kwenye kingo. Bakuli lifunikwe kwa kitambaa chenye maji, kwa maana saruji hii hukauka upesi mahali usipotaka, na huchelewa kukauka mahali unapotaka.

Ukuta wa kwanza hausimami wenyewe. Lazima mmoja aushike na mwingine akamue sukari. Kazi hii yataka mikono minne. Baba aliyekusudia kumwacha mtoto mlangoni na kwenda zake hujikuta amesimama kitambo kirefu akishikilia kipande cha mkate, hana la kufanya ila kuzungumza na mwanawe. Kuta zikisha kushikana, paa lingali lahitaji kungojewa saa nzima au zaidi. Ukiliweka mapema, litateleza na kuziangusha kuta.

Kuna mzazi wa namna nyingine, naye twamwona hata katika kazi za mikono za shule zetu: mzazi mnyang'anyi. Anaona mkono wa mtoto watetemeka na mstari wapinda, basi anaichukua ile pembe ya sukari na kuimaliza kazi mwenyewe. Nyumba inapendeza kweli, na mtoto ameketi pembeni akiangalia nje. Mwalimu mwenye akili humpa mzazi huyo kuta mbili za kushika, ili mikono yake isipate nafasi.

Najua wengine watasema kwamba chakula si kitu cha kuchezea. Bibi zetu walituokotesha hata punje moja iliyoanguka chini. Neno hilo ni la haki, na nyumba ya mkate ikiishia jalalani ni aibu. Lakini ikiliwa, sioni kosa. Tena tukumbuke kwamba jina la Betlehemu, katika Kiebrania, maana yake ni Nyumba ya Mkate. Kwa hiyo jamaa nyingine hujenga zizi kwa mkate uo huo, wakamlaza Mtoto Yesu kati ya punda na ng'ombe wa tangawizi.

Mji wa Bergen, katika Norwe, umeifanya kazi hii kuwa ya watu wote. Tangu mwaka 1991 hujengwa huko kila mwaka mji mzima wa mkate. Watoto wa shule na jamaa zao huleta nyumba walizozioka. Mwezi wa Novemba 2009, kabla ya mji huo kufunguliwa kwa watazamaji, uliingiliwa na kuharibiwa. Kazi ya mikono mingi midogo ikawa makombo. Watu wa Bergen waliwasha tanuri upya, wakubwa kwa wadogo, na mji ukasimama tena.

Kwetu Desemba ni mwezi wa mvua. Asali na sukari huvuta unyevu, na nyumba huinama kama mlevi. Sisimizi nao hawangoji mwaliko. Atakayejaribu aifanye ndogo, kimo cha shubiri moja, avioke vipande katika sufuria yenye makaa chini na juu ya kifuniko, naye asiiweke zaidi ya siku mbili tatu. Kama ngano ni ghali, uko udongo wa mtoni. Pango la Noeli la udongo halilipiwi, nalo pia lataka mikono minne.

Sasa namrudia mwanafunzi wangu. Katika Uswidi, tarehe 13 Januari, siku ya Mtakatifu Knut, mti wa Noeli huondolewa nyumbani, na watoto huitwa waivunje nyumba ya mkate. Kwa siku hiyo kuta zimekwisha kuwa ngumu kama tofali. Hupigwa, vipande huruka, na kila mmoja hupata chake, pamoja na baba aliyeshika ukuta. Ndiyo sababu waliijenga, mwanangu. Ukisha kusoma, mpe baba yako gazeti hili, nawe ukae karibu naye anaposoma.