Siku Tatu Unguja Mjini: Mwenye Nyumba Asiwe Mgeni Mlangoni

Shule zinapokaribia kufungwa, hapa Mikocheni huzuka mazungumzo yale yale, dukani, kituoni na nje ya msikiti baada ya sala ya alasiri: watoto wapelekwe wapi? Mwenye wazee Moshi huwapeleka Moshi, wa Tanga huwapeleka Tanga, na asiye na pa kwenda huwashusha pwani ya Msasani wakauchezee mchanga wa siku zote. Safari hii jirani yangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili, alinijia na daftari mkononi akaniambia: "Ndugu, wewe umetembea na kazi za Chama. Hebu nipangie siku tatu za kuutazama mji wa Unguja. Mimi, mama watoto, na watoto watatu."

Nilimwuliza amekwisha kwenda Unguja mara ngapi. Akahesabu kwa vidole: mazishi mara mbili, harusi mara moja, semina mara moja. Mara zote nne alishuka bandarini Malindi, akaingia katika gari lililokuwa likimngojea, akapelekwa alikoitwa, kisha akarudishwa bandarini. Mtu huyu amefundisha Kiswahili kwa miaka ishirini, wala hajapata kupita kwa miguu katika vichochoro vya mji ambao lahaja yake, Kiunguja, ndiyo iliyochaguliwa mjini Mombasa mwaka 1928 iwe msingi wa Kiswahili Sanifu.

Ingekuwa ni habari ya mwalimu peke yake nisingeileta katika safu hii. Lakini ni habari ya maelfu ya wananchi wa Kinondoni, Temeke na Ilala, watu ambao kila siku huziona boti zikitoka bandarini Dar es Salaam kwenda Visiwani. Mji Mkongwe wa Zanzibar umekuwa kwao mahali pa watalii, na mtalii katika fikira zao ni Mzungu mwenye kamera. Fikira hiyo ni mbaya, na yatupasa kuuliza imetoka wapi.

Kwanza tujue mji huo ni nini kwetu. Seyyid Said alipouhamisha utawala wake kutoka Muscat karne ya 19, Unguja ikawa mji mkuu wa dola iliyotawala mwambao huu wote, pamoja na kijiji cha Mzizima na pwani hii yenye mikoche iliyotupa jina la Mikocheni. Dar es Salaam yenyewe ilianza kujengwa miaka ya 1860 kwa amri ya mwanawe, Seyyid Majid. Hatuendi kuwaamkia masultani. Tunakwenda kutazama mahali ambapo mambo yetu yaliamuliwa na watu ambao hawakutuuliza, na kisha mahali ambapo wanyonge waliamua wenyewe.

Sasa turudi kwenye daftari la mwalimu. Alikuwa ameandika siku ya kwanza: kushuka, Ngome, Beit el-Ajaib, kanisa, soko, Forodhani. Nilimfutia yote isipokuwa Forodhani. Huko Amerika ya Kusini, juu ya milima ya Andes, uko mji wa Quito, mji mkuu wa Ecuador, uliojengwa kiasi cha mita 2,850 juu ya usawa wa bahari. Mgeni wa Quito hushauriwa apumzike siku ya kwanza, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi na kifua huchelewa kuizoea. Unguja hakuna mlima, lakini upo ugonjwa wa haraka, ambao dawa yake ni hiyo hiyo. Boti za kasi huchukua kiasi cha saa mbili. Katikati ya mwaka upepo wa kusi huichafua bahari, na mwenye tumbo jepesi heri apande ya asubuhi. Shuka, pata chumba, kula, sali, lala kidogo. Jua likipunga, toka na watoto wako muingie vichochoroni bila ya ramani. Mtapotea, tena mpotee kwa furaha, maana mji ni mdogo na mkishika njia moja bila kuzungukazunguka itawatoa ama pwani ama barabara ya Darajani. Tazameni milango ya nakshi na baraza za mawe. Mkifika Sokomuhogo kunyweni kahawa, sikilizeni watu wanavyozungumza. Usiku nendeni Forodhani mkale, ila muulize bei kabla ya kutafuna.

Siku ya pili ndiyo ya kazi. Anza Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kutolewa mwaka 1698, mahali palipokuwa na kanisa la hao Wareno. Kisha simama mbele ya Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883. Hapo pwani, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza ziliyapiga makasri kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja, kwa sababu tu Khalid bin Barghash alikaa kitini bila ya ruhusa yao. Watoto waelezwe kwamba ukoloni uliokuja kwa jina la ulinzi ulikuwa na mizinga nyuma yake. Jumba hilo liliivumilia mizinga hiyo. Baada ya Mapinduzi likawa mahali pa mafunzo ya itikadi ya Afro-Shirazi, baadaye likawa makumbusho ya historia na utamaduni, na ndani yake uliwekwa mtepe ulioshonwa kwa kamba kama walivyoshona mababu. Lililoshindwa kulivumilia ni uchakavu. Mwaka 2012 kipande cha roshani kilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya matengenezo ikiwa imekwisha kuanza, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Kutoka hapo nenda Mkunazini. Soko la watumwa lililokuwa pale lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, ndiye pia aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja; mwalimu wetu ana deni naye. Uani mna shimo lenye sanamu za watumwa waliofungwa minyororo. Usiwahimize watoto hapo. Wakiuliza ni nani waliowauza watu hao, waambie kweli yote: walikuwako matajiri wa pwani, walikuwako machifu wa bara, walikuwako wanunuzi wa ng'ambo, na katika waliouzwa walikuwako Wanyasa, Wayao, Wazaramo na Wamanyema, ambao wajukuu zao leo hukaa Unguja, Bagamoyo na Kariakoo.

Siku ya tatu mwalimu alikuwa ameiandikia neno moja: manunuzi. Hapo tulibishana. Mgeni wa nje huonyeshwa mji wa mawe, akaambiwa umekwisha. Lakini Darajani ni Darajani kwa sababu palikuwa na daraja la kuvuka hori la bahari, na ng'ambo ya hori hilo waliishi wachukuzi, mafundi, mayaya na wavuvi ambao kwa jasho lao mji wa mawe ulikaa. Ndiyo Ng'ambo. Pita soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, nunua karafuu na mdalasini wako, kisha usirudi nyuma; vuka barabara. Tazama majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ili mtu wa kibanda cha udongo apate chumba chenye maji na taa. Fika Kisiwandui, alipouawa Mzee Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, na ndipo alipozikwa. Ukipata nafasi fika na Uwanja wa Amani, kilipozaliwa Chama Cha Mapinduzi tarehe 5 Februari 1977, kisha urejee kupitia Mnazi Mmoja uitazame Beit el-Amani ya mwaka 1925 yenye kuba. Anayeondoka Unguja bila ya kuvuka Darajani ameziona nyumba, waliozijenga hakuwaona.

Haya ni ya msafiri. Yako na ya mwenyeji, na hapa nawaomba radhi ndugu zangu wa Visiwani kwa nitakayoyasema, maana nayasema kwa mapenzi.

Miaka michache iliyopita niliwachukua wanangu kwenda huko huko. Katika jengo moja la kihistoria, ambalo sitalitaja, bawabu alitutazama juu mpaka chini akaniuliza, kwa adabu kabisa: "Wageni wako wako wapi?" Alinidhani dereva wa watalii. Nilipomwambia kwamba wageni ni sisi, alishangaa, akaenda kumwuliza mkubwa wake mwananchi analipa kiasi gani. Mkubwa hakuwapo. Tulingoja ukutani kiasi cha nusu saa huku makundi mawili ya Wazungu yakipita. Mwanangu wa pili, aliyekuwa na miaka tisa, aliniuliza: "Baba, hapa si petu?" Mtoto huyo alikuwa ameimba Muungano shuleni tangu darasa la kwanza. Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo, na bawabu sikumlaumu: mtu huyafungulia macho anayoyazoea, na macho ya wananchi hajayazoea.

Wala si haki kumlaumu mwenyeji peke yake. Wapo kati yetu wa Bara tunaoshuka Malindi kana kwamba tumeshuka kilabuni. Mtu hupita mbele ya msikiti wakati wa sala na redio inalia, au humpiga picha bibi wa watu barazani kwake bila ya kumwamkia. Wengine huvaa kwa namna wasiyothubutu kuivaa mbele ya mama zao. Ramadhani hula njiani mchana, kisha wakalalamika kwamba Wazanzibari hawapendi watu wa Bara. Nilipokuwa mdogo nikisoma juzuu, maalimu wetu kabla ya kutufundisha kusoma alitufundisha kuvua viatu mlangoni. Mwalimu wa daftari nilimwandikia hayo ukurasa wa kwanza, kabla ya saa ya boti.

Kwa viongozi nina maneno machache. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985, na tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia, orodha ambayo Quito ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kuingizwa mwaka 1978. Vyeo hivyo haviezeki paa. Nyumba za Unguja ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hulazwa juu ya boriti za mikoko, ambazo nyingi zilitoka Rufiji. Tone la mvua likipenya paa, boriti huoza kichwani mwake ndani ya ukuta, mahali pasipoonekana, na siku ya siku ghorofa hushuka. Anayepaka saruji juu ya chokaa aonekane ametengeneza, amelifungia jengo unyevu ndani. Nyumba nyingi kati ya hizo ni za Serikali au za wakfu, na wakazi wake ni watu wa kipato kidogo. Paa zikaguliwe kila mwaka kabla ya masika, kwa fedha iliyotengwa kwa kazi hiyo tu. Watu wa Quito walipopigwa na tetemeko la Machi 1987 waliunda mfuko maalumu wa kuyaokoa majengo yao, hawakungoja msaada wa mtu. Mkazi akitolewa ili nyumba igeuzwe hoteli, mji utabaki ukuta, na kahawa ya Sokomuhogo itakosa wa kuinywa.

Yapo na madogo yasiyotaka mfuko. Kila jengo linalotazamwa liandikwe mlangoni kwa Kiswahili: saa za kufunguliwa, siku za kufungwa, ada ya mwananchi kwa shilingi. Watembezaji wafunzwe kuisimulia historia kwa Kiswahili, kwa mtu anayejua nusu ya hadithi hiyo kutoka kwa bibi yake na aliye tayari kubisha. Na maafisa elimu wa Kinondoni na Temeke, ambao sote tu majirani wa bandari, wakae na wenye boti wapatane nauli ya wanafunzi kwa siku ambazo viti ni vitupu. Darasa moja la Mikocheni likisimama Mkunazini asubuhi na Kisiwandui alasiri, mwalimu wake atakuwa na la kufundisha muhula mzima.

Jirani yangu ataondoka Jumamosi, wala si Ijumaa, kwa kuwa nilimwonya kwamba Ijumaa adhuhuri milango mingi hufungwa na ni haki ifungwe. Vitambulisho ameviweka ndani ya daftari. Neno manunuzi amelikata kwa kalamu nyekundu akaandika Kisiwandui juu yake, ingawa nimemwona mkewe ameliandika tena pembeni, kwa herufi ndogo.