Demo ya Laki Nane, Makofi ya Kupakua

Kuna kijana mmoja wa hapa Dar, jina liwekwe pembeni. Ndoto yake ni kuwa mzungumzaji wa majukwaani, wale wanaoitwa kwenye mahafali, semina na makongamano ya vijana. Mwaka huu kaamua kutoka rasmi na video yake ya kwanza ya demo. Kakodi ukumbi asubuhi moja, kakodi suti, kamlipa mpiga video mwenye droni. Jumla laki nane, na sehemu ya hiyo hela ilikuwa kodi ya chumba.

Video imetoka kali, hilo hakuna ubishi. Droni inazunguka, jamaa anatembea jukwaani taratibu kama staa, muziki mzito, halafu mwishoni makofi utadhani Uwanja wa Mkapa bao limeingia. Tatizo ni moja tu: ukumbini hakukuwa na mtu. Viti vilikuwa vitupu, na makofi yamepakuliwa mtandaoni.

Washkaji wakamwagia emoji za moto. Shule moja ikaiona ikamwita kwenye mahafali ya kidato cha nne. Kufika pale, maiki inapiga kelele, wanafunzi wanapiga stori, wazazi wa nyuma wanaulizana chakula saa ngapi. Jamaa alipewa dakika thelathini, dakika ya kumi maneno yameisha. Mwalimu wa nidhamu akaja kuchukua maiki kistaarabu. Tangu siku hiyo simu imekuwa kimya, maana walimu wanajuana na habari kama hizo hazihitaji bando.

Kumcheka ni rahisi, ila hayuko peke yake. Mjini hapa wamejaa vijana wanaoanza na demo za namna hiyo, na wengi hawana nia mbaya. Wanachokosea ni kudhani demo ni tangazo. Demo ni ushahidi. Anayeiangalia ni katibu wa kamati, mwalimu mkuu, au afisa utumishi wa kampuni fulani, na ana swali moja tu kichwani: huyu akisimama mbele ya watu wangu, watamsikiliza? Droni haiwezi kujibu hilo swali. Suti nayo haijibu. Anayejibu ni mtu aliyekaa kwenye kiti anasikiliza.

Sasa mwangalie binti mmoja wa Mbagala. Yeye demo yake kaichukulia kwenye kikoba cha mama yake. Simu imewekwa kwenye stendi, maiki ndogo kabana kwenye kola, mada ni mikopo ya kausha damu. Picha haijanyooka, na kuna kuku kapita. Lakini ndani ya dakika tatu unamwona mama mmoja anacheka, mwingine anatikisa kichwa kwa uchungu, na wa tatu anamkatisha: "Mwanangu, na mimi niliyeshakopa nifanyeje?" Binti anamjibu palepale bila kubabaika, "Mama, tuanze na lile unalodaiwa kwa wiki." Hicho kipande kimemletea mialiko ya vikoba vingine. Hela bado ndogo, elfu hamsini na nauli, lakini kila anakotoka anaachiwa namba ya sehemu nyingine.

Hata huko Marekani ni hivyohivyo. Mwaka 2009 Simon Sinek alizungumza kwenye jukwaa dogo la TEDxPuget Sound. Alikuwa na karatasi za kuchorea ubaoni na kalamu ya wino. Katikati maiki ikasumbua, akapewa nyingine ya mkononi, akaendelea kama hakuna kilichotokea. Video ile leo ni moja ya zilizotazamwa sana katika historia ya TED. Watu walifuata maneno, na walimwona mtu asiyeyumba mambo yakiharibika.

Wapo watakaosema anayeanza hana watu, atawatoa wapi? Watu wapo. Kuna vikoba, umoja wa vijana kanisani, vijana wa madrasa, klabu ya shule aliyosoma, kijiwe cha bodaboda. Anaomba dakika kumi na tano, anawapa kitu cha maana, anarekodi. Ila ruhusa iombwe kabla kamera haijawashwa, na kama ni wanafunzi, walimu na wazazi wajue. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na sura ya mtu si pambo la demo ya mwingine.

Hela ikiwa ndogo, iende kwenye sauti kwanza. Simu ikiwekwa mbali inachukua feni vizuri kuliko inavyochukua mtu. Maiki ya kubana ikikosekana, simu ya pili iwekwe mfuko wa shati irekodi sauti, halafu viunganishwe kwenye CapCut. Video ianze na sentensi inayogusa, siyo nembo inayozunguka sekunde kumi. Na angalau dakika moja iachwe bila kukatwa, kwa sababu video inayokatwa kila sentensi inamfanya mteja ajiulize nini kimefichwa. Muziki wa msanii mkubwa nao wa nini? Mitandao inaweza kuuzima pamoja na sauti ya mzungumzaji.

Muonekano una kazi yake, nguo safi na mwanga mzuri havidharauliwi. Vinaweza kuleta simu ya kwanza. Ya pili inaletwa na kilichotokea jukwaani, na mtu aliyeuza makofi ya uongo anafika pale akiwa na deni la kulipa mbele ya watu mia tatu.

Yule kijana bado ana sauti nzuri na kichwa kizuri. Ile video ya laki nane aishushe tu, atafute watu ishirini na simu ya kuazima, aanze upya. Kodi ya chumba safari hii ibaki kwa mwenye nyumba.

Haya wadau, mnasemaje? Kuweka makofi ya kupakua kwenye demo ni ujanja wa mjini au ni kumwibia mteja? Tiririkeni hapo chini.